Joseph Guislain, daktari ambaye jina lake limefika mpaka Lubumbashi

Jina la Guislain linajulikana Lubumbashi kwa sababu ya kituo cha wagonjwa wa akili kinacholibeba, Kituo cha Neuro-saikatria Joseph Guislain, kinachoongozwa na Mabruda wa Upendo, wale wanaoitwa kwa Kifaransa Frères de la Charité. Jamaa nyingi za Haut-Katanga zimepeleka huko ndugu aliyeacha kulala, mama aliyeanza kusikia sauti, au kijana mwenye kifafa. Mwenyewe Guislain hakukanyaga Afrika hata siku moja. Alikufa mwaka wa 1860, miaka 50 mbele ya mji wa Lubumbashi kuanzishwa. Lakini swali alilolifuata maisha yake yote ndilo jamaa hizo zinajiuliza hata leo: mtu mwenye kuugua akili anapaswa kuwekwa katika mikono ya nani?

Joseph Guislain alizaliwa tarehe 2 Februari 1797 katika mji wa Ghent, wakati huo ukiwa chini ya utawala wa Ufaransa. Ubelgiji kama nchi ulikuwa haujakuwepo bado. Ulipata uhuru wake mwaka wa 1830. Mwaka wa 1817 chuo kikuu kilifunguliwa Ghent, na Guislain akaingia humo kusomea udaktari. Alimaliza mwaka wa 1819, akiwa kati ya madaktari wa kwanza kabisa waliotoka katika chuo hicho.

Wakati huo hali ya wagonjwa wa akili katika mji wake ilikuwa ya kuhuzunisha. Wanaume walifungiwa chini ya ngome ya zamani, ile ya Geeraard de Duivel, mahali pa giza na baridi. Wengi walikuwa katika minyororo. Watu waliowachunga walikuwa walinzi, si waganga. Kazi yao ilikuwa kuzuia mtu asitoroke na asipige wengine. Hakuna aliyeuliza ugonjwa ulianza lini wala ulianza na nini.

Mtu wa kwanza kubadilisha mambo hakuwa daktari. Alikuwa padri, Petrus Jozef Triest, aliyeanzisha shirika la Mabruda wa Upendo mwaka wa 1807. Mwaka wa 1815 Triest na mabruda wake walishika kazi ya kuwatunza wagonjwa wale wa ngome, wakawafungulia minyororo. Walikuwa na huruma na uvumilivu, lakini elimu ya ugonjwa wenyewe ilikuwa ndogo.

Guislain alileta elimu hiyo. Mwaka wa 1826 alichapisha Amsterdam kitabu kikubwa juu ya ugonjwa wa akili na nyumba za kutunzia wagonjwa. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1828, mji wa Ghent ulimfanya daktari mkuu wa nyumba zake mbili za wagonjwa wa akili, ya wanaume na ya wanawake. Hapo ndipo padri na daktari walianza kufanya kazi bega kwa bega. Mwaka wa 1829 walitunga kanuni za nyumba hizo: namna ya kumpokea mgonjwa, chakula, usafi, kazi za mchana, na namna mchungaji anavyopaswa kujichunga yeye mwenyewe ili asimjibu mgonjwa kwa hasira.

Lakini Guislain hakuzaliwa na majibu yote. Katika kitabu chake cha 1826 kulikuwamo michoro ya vyombo ambavyo leo vingemtisha mtu yeyote: viti vya kumzungusha mgonjwa kwa kasi, mabomba ya kummwagia maji baridi kichwani, hata kizimba cha kumtumbukiza ndani ya maji kwa ghafula. Madaktari wa Ulaya wa siku zile waliamini kwamba mshtuko unaweza kurudisha akili mahali pake. Kadiri miaka ilivyopita akiwa karibu na wagonjwa, Guislain alielekea upande mwingine, wa utulivu, kazi nyepesi, hewa safi na maneno ya upole.

Sababu ya mabadiliko hayo inaonekana katika kitabu chake cha pili, cha mwaka wa 1833. Humo alifundisha kwamba mara nyingi ugonjwa wa akili unaanza na maumivu ya moyo. Kufiwa, kufilisika, aibu, woga, mapendo yaliyovunjika: mambo kama hayo yanaumiza roho kwanza, halafu akili inayumba. Ikiwa chanzo ni maumivu, basi kumwongezea mgonjwa maumivu ni kumrudisha nyuma. Mafundisho hayo yalivuka mipaka, yakamgusa hata Wilhelm Griesinger wa Ujerumani, mmoja kati ya waanzilishi wa saikatria ya kisasa.

Matokeo ya fundisho hilo yalikuwa makubwa. Daktari hakuweza tena kutibu kabla ya kujua maisha ya mtu. Ilimpasa kuuliza na kusikiliza. Na kwa kuwa maumivu ya mtu huyu si ya yule, Guislain alikataa kuchanganya wagonjwa wote katika chumba kimoja. Wenye utulivu walipaswa kuwa na mahali pao, wenye fujo mahali pao, na wanaopata nafuu mahali pao, kila mmoja na uangalizi unaofaa hali yake.

Mwaka wa 1835 alipata kuwa profesa katika chuo kikuu cha Ghent. Alisafiri pia Italia na nchi nyingine kuona namna wengine wanavyofanya. Ndani ya Ubelgiji wenyewe kulikuwa mji wa Geel, ambako tangu karne nyingi wenyeji walipokea wagonjwa wa akili nyumbani mwao, wakala nao na kulima nao. Guislain aliukosoa mpango huo, akiona kwamba mgonjwa asiye na daktari karibu anaweza kuteswa bila mtu kujua. Hata hivyo Geel iliendelea, na inaendelea mpaka sasa. Hata kati ya wenye nia njema, njia haikuwa moja.

Woga huo wa mgonjwa kuteswa kwa siri ulimsukuma kwenye mambo ya sheria. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 18 Juni 1850 ilibeba mawazo yake mengi: mtu asifungiwe bila cheti cha daktari, nyumba za wagonjwa zipate kibali, na serikali izikague. Mwaka wa 1857 ndoto yake kubwa ilitimia. Nje ya kuta za mji wa Ghent ilifunguliwa hospitali aliyoipanga yeye, yenye bustani, nyua na vyumba vya kazi, ikiwa mikononi mwa Mabruda wa Upendo. Hakuifurahia kwa muda mrefu. Alifariki tarehe 1 Aprili 1860, akiwa na umri wa miaka 63. Tangu 1986 sehemu ya hospitali hiyo ni jumba la makumbusho.

Mabruda ndio walioleta jina lake Kongo. Wanaongoza pia vituo vya afya ya akili vya Sosame huko Bukavu na Tulizo Letu huko Goma, ambako vita vimeacha maumivu ya moyo ya namna ileile ambayo Guislain aliandika juu yake.

Lubumbashi, jamaa yenye mgonjwa haina mlango mmoja wa kubisha. Kuna daktari wa saikatria, anayechunguza na kuandika dawa. Kuna mwanasaikolojia, anayetibu kwa mazungumzo. Kuna pasta na chumba cha maombi, na kuna mfumu. Wengi wanazunguka milango hiyo yote, feza ikiisha njiani, na mara nyingine wanafika hospitalini wakati ugonjwa umeota mizizi. Kuna pia wanaoacha matibabu baada ya siku moja kwa sababu hawakuelewana na mtu aliyewapokea, wakidhani kwamba matibabu yenyewe ndiyo hayafai.

Maisha ya Guislain yanatoa vipimo ambavyo jamaa inaweza kutumia. Je, mtu huyu anauliza juu ya maisha ya mgonjwa, ama anatoa jibu kabla ya kusikia? Mgonjwa anaweza kumfungulia moyo katika luga anayoijua vizuri, iwe Kiswahili, Kibemba au Kiluba, ama analazimishwa kutafuta maneno ya Kifaransa? Anatunza siri? Anakubali kumtuma kwa mwenzake ikiwa ugonjwa unapita elimu yake, kama Triest alivyofanya kazi na daktari? Jamaa inaruhusiwa kuona mgonjwa anavyotunzwa? Mahali popote mgonjwa anapofungwa kamba, anaponyimwa chakula au kupigwa kwa jina la kumponyesha, jamaa imtoe. Na ikiwa tatizo ni kutoelewana tu na mganga mmoja, hakuna aibu kumwomba mwingine, mradi dawa za hospitali zisikatwe bila kumwambia daktari.

Guislain alihitaji miaka mingi ili kutoka kwenye kiti cha kuzungusha mpaka kwenye bustani. Mgonjwa wa leo, naye, anaweza kuhitaji kubisha zaidi ya mlango mmoja kabla ya kumpata anayemfaa.