Kura 617 za Keir Hardie

Mwaka jana niligombea ubunge wa bunge la wanafunzi kupitia kitivo chetu. Sikuwa na kambi. Wenzangu wenye kambi walikuwa na fulana, spika za kukodi na vijana wa kupita hosteli chumba kwa chumba. Mimi nilikuwa na mabango ya fotokopi na rafiki mmoja tu ninayekaa naye chumbani. Nikapata kura 41. Wiki nzima iliyofuata nilikuwa nakwepa vimbweta vya kitivo nisije nikachekwa.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na kazi ya darasani juu ya vyama vya wafanyakazi, na ndipo nikakutana vizuri na James Keir Hardie. Nilikuwa namjua juujuu tu, kama mmoja wa waasisi wa chama cha Labour cha Uingereza. Sikujua kwamba alianza kama mgombea binafsi, wala kwamba mara ya kwanza alishika mkia. Naomba niwasimulie, maana fomu za mwaka huu zimeanza kutolewa na najua siko peke yangu ninayewaza.

Hardie alizaliwa tarehe 15 Agosti 1856 huko Lanarkshire, Scotland. Mama yake, Mary Keir, alikuwa mtumishi wa nyumbani na alimzaa kabla hajaolewa. Baadaye akaolewa na David Hardie, seremala wa meli, na mtoto akachukua jina hilo. Shule hakuiona. Akiwa na miaka saba au minane tayari alikuwa anatumwatumwa kazini. Kuna kisa alichokuwa akikisimulia hadi uzeeni: alikuwa mtoto wa kupeleka mikate, baba wa kambo hana kazi, mama mjamzito, mdogo wake mahututi. Usiku alikuwa anamuuguza mdogo wake, asubuhi anachelewa kazini. Mara ya pili kuchelewa, tajiri wake, mtu wa sala, alimfukuza na kumkata mshahara wa wiki. Nyumbani hapakuwa na kitu cha kula.

Akiwa na miaka kumi akaingia mgodi wa makaa ya mawe. Kazi yake ilikuwa kukaa gizani na kufungua na kufunga mlango wa kupitisha hewa, siku nzima. Kusoma alifundishwa na mama yake. Hatimkato alijifunza mwenyewe mlemle mgodini, akikwaruza kwa pini juu ya kijiwe alichokipaka moshi wa taa. Sisi tunaolalamika umeme ukikatika wiki ya mitihani, tuseme nini?

Alipokua akaanza kuwaunganisha wachimbaji wadai ujira. Wenye migodi wakamfukuza, na jina lake likazungushwa asipewe kazi kwingine. Akageuka mratibu wa vyama vya wafanyakazi na mwandishi wa magazeti. Kisiasa alikuwa upande wa Waliberali, kama wafanyakazi wengi wa wakati ule, kwa sababu ndio waliosema wako na mnyonge.

Mwaka 1888 jimbo la Mid Lanark, jimbo la wachimbaji, likawa na uchaguzi mdogo. Hardie akaomba Waliberali wamsimamishe. Wakamkataa, wakamchukua mwanasheria kutoka nje. Hapo akaamua kusimama mwenyewe, kama mgombea wa wafanyakazi asiye na chama. Inasimuliwa kwamba viongozi wa Liberal walimfuata na ofa: ajitoe, na uchaguzi mkuu ukifika apewe jimbo la uhakika, pamoja na pauni 300 kwa mwaka za kujikimu. Wakati huo wabunge hawakuwa wanalipwa mshahara. Ulikuja kuanza mwaka 1911. Kwa mtu wa hali yake, pauni 300 zilikuwa utajiri. Akakataa.

Matokeo yalikuwa haya: Mliberali kura 3,847, Mhafidhina 2,917, Hardie 617. Ukipiga hesabu, hakufikisha hata moja ya kumi ya kura zilizopigwa. Na tusisahau kwamba wanawake hawakuwa na kura kabisa, na wanaume wengi maskini hawakuwamo kwenye daftari. Wengi wa watu aliowasemea hawakuwa na uwezo wa kumchagua hata wakitaka.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu kidogo. Nikajiuliza mimi ningefanya nini. Jibu nilikuwa nalo: ningefunga mlango wa chumba. Yeye, kabla mwaka haujaisha, mwezi Agosti, alishakaa na wenzake wakaanzisha chama cha wafanyakazi cha Scotland, yeye akiwa katibu. Zile kura 617 hakuzihesabu kama aibu. Alizihesabu kama orodha ya watu wa kuanza nao.

Mwaka 1892 akagombea tena, safari hii London, jimbo la West Ham South, kwenye bandari na viwanda. Tuwe wakweli, bahati nayo ilikuwepo: Mliberali aliyetarajiwa kusimama alifariki kabla ya uchaguzi, na chama chake hakikuweka mwingine. Hardie akabaki ana kwa ana na Mhafidhina, akamshinda kwa kura 5,268 kwa 4,036. Siku ya kuapishwa, Agosti 1892, wabunge wakiwa na makoti meusi na kofia ndefu za hariri, yeye akaingia na suti ya kitambaa cha kawaida na kofia ya kitambaa. Magazeti yakaichambua ile kofia kuliko hoja zake.

Ndani ya Bunge alikuwa karibu peke yake, na upweke ule ulikuwa na bei. Juni 1894 mgodi wa Albion huko Wales ulilipuka, wakafa watu zaidi ya 250. Siku ileile alizaliwa mtoto katika ukoo wa kifalme, atakayekuja kuitwa Edward wa Nane. Bunge likaandaa salamu za pongezi kwa mtoto, na salamu za rambirambi kwa Ufaransa ambako rais alikuwa ameuawa. Hardie akaomba wajane wa wachimbaji nao wapewe neno. Hakusikilizwa. Akasimama kuipinga hoja ya pongezi, akazomewa na ukumbi mzima. Mwaka uliofuata akapoteza kiti.

Hapa ndipo somo lilipo, kwa maoni yangu. Mgombea binafsi anaweza kusema kile ambacho chama kingemkataza kusema. Lakini kupitisha sheria peke yake hawezi. Hardie alilijua hilo mapema. Januari 1893, akiwa bado mbunge, alishaongoza mkutano wa Bradford uliozaa Independent Labour Party. Mwaka 1900 vyama vya wafanyakazi na wajamaa wakaunda kamati ya pamoja, na yeye akarudi bungeni kupitia Merthyr Tydfil, Wales. Walikuwa wawili tu. Mwaka 1906 wakawa 29, wakajiita Labour, na yeye akawa mwenyekiti wao wa kwanza. Hata hapo hakuacha ubishi wake. Alitetea kura za wanawake pale wenzake walipositasita, na mwaka 1914 alipinga vita mpaka mikutano yake ikavunjwa na watu wa jimbo lake mwenyewe. Alifariki tarehe 26 Septemba 1915, akiwa na miaka 59.

Nikaanza kuwaza kwetu. Hardie wa Tanzania ya leo asingeweza hata kupata zile kura 617, maana Katiba, ibara ya 67, inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na adhaminiwe na chama hicho. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilisema zuio hilo linavunja haki, katika shauri la Mchungaji Mtikila na wenzake. Wakenya wamemruhusu mgombea huru kwenye Katiba yao ya 2010. Na sisi wenyewe tulishakuwa naye: katika uchaguzi wa 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na kile kimoja, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama mwenyewe dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake. Nchi haikuanguka.

Wiki iliyopita kiongozi wa kambi moja alinifuata kafeteria. Alinieleza kwa upole kwamba nisipochukua fomu, serikali ijayo ya wanafunzi itanikumbuka kwa unaibu waziri. Sio pauni 300, lakini nilielewa. Nilimwambia nitafikiri, na kusema kweli nilifikiri siku mbili nzima. Pengine ningeweza kufanya mengi nikiwa ndani.

Halafu nikakumbuka kitu ambacho mwaka jana sikukifanya. Wale 41 sikuwahi kuwatafuta. Sikuwashukuru, sikuwauliza walinichagua kwa nini, sikuwaita tukae. Kazi ya Hardie ilianza siku ya pili baada ya kushindwa, na mimi yangu niliimalizia siku hiyo.

Fomu nimechukua. Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa vimbweta vya nyuma ya maktaba. Kama ulikuwa mmoja wa wale 41, njoo. Na kama hukuwa, njoo pia.