Marie Curie: picha ya radio iliokoa majeruhi wa vita, mionzi ikamrudia mwenyewe

Mtu akipigwa risasi upande wa Masisi ao Walikale, daktari anatafuta jambo moja kwanza: risasi imebakia wapi, na mfupa umevunjika fasi gani? Picha ya radio ndiyo inajibu. Kati ya wale waliopeleka mashini hiyo hadi karibu na mapigano kuna mwanamke mmoja, Marie Curie, na kazi hiyo huenda ndiyo iliyomuua.

Alizaliwa Warsaw, Polandi, mwaka 1867. Mwaka 1898, pamoja na mume wake Pierre, alivumbua polonium na radium, akapata tuzo ya Nobel mara mbili, 1903 na 1911. (Radium inagusa Kongo pia: tangu 1922, mawe ya Shinkolobwe, Katanga, yalisafishwa huko Olen, Ubelgiji, na bei yake ikashuka.)

Vita ilipoanza mwaka 1914, majeruhi wengi walikatwa mikono na miguu kwa sababu hospitali zenye mashini zilikuwa mbali. Marie aliomba magari kwa matajiri, akayawekea mashini ya radio iliyopata umeme kutoka kwa injini ya gari. Alijifunza kuendesha yeye mwenyewe, hata kubadilisha magurudumu. Yalipatikana magari karibu 20 na vituo 200, na akafundisha wanawake wapatao 150. Binti yake Irène, akikaribia miaka 18, aliachiwa kituo kimoja huko Ubelgiji.

Kinga ilikuwa haba. Daktari alipasua huku mashini ikiwaka, ili aone risasi kwenye kioo, na wenye kuiendesha walisimama palepale, saa nyingi, siku kwa siku. Mionzi haiishii ndani ya mgonjwa: mingine inaruka pembeni na kumfikia aliye karibu. Haina harufu, haiumi, ndiyo sababu watu waliidharau.

Marie alikufa tarehe 4 Julai 1934 kwa ugonjwa wa damu, uboho ukiwa umeshindwa kutengeneza damu mpya. Dunia yote ilishitaki radium. Lakini mwaka 1995, mwili wake ulipohamishiwa Panthéon, Paris, wataalamu walipima na kukuta radium kidogo tu. Wakaona kwamba mionzi ya zile radio za vita ndiyo inashukiwa zaidi.

Leo kanuni zinajulikana, na Kongo ina sheria juu ya mionzi tangu 2002. Mpiga picha asimame nyuma ya ukuta ao kizuizi cha risasi (ndiyo, madini yenye jina moja na ile ya bunduki). Asiye na kizuizi ajitenge: umbali ukiwa mara mbili, mionzi inabaki robo. Avae kipimo kifuani. Mama mwenye mimba aulizwe kabla ya picha, si baadaye. Mtoto akihitaji kushikwa, mzazi amshike akivaa vazi la risasi, si muuguzi yuleyule kila siku. Mgonjwa asikimbie picha moja anayoihitaji, kwa maana kipimo chake ni kidogo. Hatari kubwa ni ya yule anayerudi katika chumba hicho kila asubuhi.

Irène, aliyeanza kazi hiyo akiwa kijana, alikufa Paris mwaka 1956 kwa kansa ya damu. Alikuwa na miaka 58.