Robert Koch: Tabibu aliyesaka maradhi ndani ya tone la damu

Mgonjwa anayenyosha mkono maabarani, iwe Thika, Ruiru au kwingineko, ili atolewe damu, huenda asijue kwamba desturi ya kutafuta chanzo cha maradhi ndani ya tone hilo ilipata nguvu kutokana na kazi ya tabibu mmoja wa Kijerumani. Robert Koch aliitumia elimu hiyo hapa Afrika Mashariki, na ni hapa pia sifa yake ilipoingia doa.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, akasomea udaktari Göttingen. Alipokuwa daktari wa wilaya huko Wöllstein, mji ulioko leo nchini Poland, hakuwa na maabara ya maana. Alitenga pembe ya chumba alimopokelea wagonjwa, akaweka hadubini na kuchunguza damu ya mifugo waliokufa kwa kimeta. Aliwatia panya damu hiyo kwa vijiti vya mbao. Mwaka 1876 akathibitisha kwamba kimeta husababishwa na bakteria.

Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza mjini Berlin kuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Hata hivyo, mwaka 1890 aliinadi tuberkulini kuwa tiba ya maradhi hayo, nayo haikuponya. Mtu angedhani aibu ile ingemzidishia hadhari.

Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam, makao makuu ya utawala wa Kijerumani wakati huo. Alipima damu za wenye homa, akisisitiza kuwa hadubini ndiyo ya kutofautisha malaria na homa nyinginezo. Aliporejea mwaka 1905 alifuatilia homa ya papasi, akawapata wadudu hao katika vibanda walimolala wapagazi wa misafara.

Kisha, mwaka 1906, akaelekea visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria, upande wa Uganda uliotawaliwa na Waingereza. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiteketeza vijiji vizima. Koch alipiga kambi katika kisiwa cha Bugala, na wagonjwa wakamiminika kwa mamia. Tezi zilizovimba shingoni zilitobolewa kwa sindano, maji yake yakafyonzwa. Damu nayo ikachukuliwa, vyote vikatazamwa kwa hadubini. Waliokutwa na vimelea walidungwa Atoxyl, dawa yenye aseniki, sumu inayojulikana tangu kale.

Mwanzoni matumaini yalikuwa makubwa. Vimelea vilitoweka, na wagonjwa waliokuja wakiwa taabani wakaweza kutembea. Baada ya muda vimelea vikarudi. Hapo Koch akapandisha kipimo kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Wagonjwa wakapata maumivu ya tumbo, kichefuchefu na kizunguzungu, wengine wakatoroka kambini. Watu 22 wakapofuka, wasione tena.

Hapa ndipo mwandishi wa maisha yake hawezi kupita haraka. Kanuni za leo zinadai mgonjwa aelezwe sababu ya kutolewa damu na hatari za dawa atakayopewa, naye akubali au akatae. Watu wa Ssese walikuwa chini ya ukoloni, wakifiwa kila siku, na aliyewatibu alikuwa pia akiwafanyia majaribio. Hadubini ilionyesha kama vimelea vimeondoka. Haikuonyesha macho yaliyokuwa yakififia.

Koch alirudi kwenye kipimo kidogo, lakini hakuiacha dawa. Aliporejea Ujerumani mwaka 1907 aliendelea kuipendekeza, pamoja na kuwatenga wagonjwa katika makambi. Utawala wa Kijerumani ukajenga makambi hayo kandokando ya Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika, na Atoxyl ikaendelea kutumika humo.

Alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, ndani ya taasisi yenye jina lake.