Radcliffe-Brown, mtoto wa Birmingham aliyeuchunguza utani

Tarehe 17 Januari 1881, katika mtaa wa Sparkbrook mjini Birmingham, Uingereza, alizaliwa Alfred Reginald Brown, msomi mashuhuri wa anthropolojia, yaani elimu ya mwanadamu na jamii zake. Baba yake alifariki dunia yeye akiwa bado mdogo. Alisoma katika shule ya King Edward's mjini humo, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Kuanzia mwaka 1906 hadi 1908 alifanya utafiti katika visiwa vya Andaman, na baadaye akafundisha Cape Town, Sydney, Chicago na Oxford.

Msomi huyo aliamini kuwa jamii ina muundo wake, na kila mtu huikuta nafasi yake imeshaandaliwa: mjomba, shemeji, babu au mjukuu. Mwaka 1940 aliandika makala kuhusu jambo ambalo sisi watu wa Afrika Mashariki tunalifahamu vyema, nalo ni utani. Alieleza kuwa koo mbili zilizounganishwa na ndoa, huku kila moja ikiwa na maslahi yake, ni rahisi kugombana. Kwa hiyo desturi huwaruhusu baadhi yao kutaniana, na anayetaniwa hatakiwi kukasirika.

Je, mtu binafsi hana hiari? Mwaka 1951 Raymond Firth, msomi wa New Zealand aliyewahi kufundisha naye Sydney, alieleza kuwa muundo huweka mipaka, lakini ndani yake watu huchagua, na machaguo yao yakirundikana muundo wenyewe hubadilika. Hilo tunaliona misibani. Desturi humpa mtani haki ya kufanya vituko mbele ya wafiwa, lakini ni yeye anayepima aseme nini na anyamaze lini. Nasi tulioko ughaibuni, mbali na macho ya wazee, tunaweza kuuendeleza utani au kuuacha. Tukiuacha wengi, watoto wetu hawatakuwa na watani.

Maisha ya Brown yenyewe ni ushahidi. Mwaka 1926 alibadilisha jina lake rasmi na kuwa Radcliffe-Brown. Radcliffe ni ukoo wa mama yake, na Brown ni wa baba yake. Majina yote mawili aliyakuta. Kuyaunganisha ulikuwa uamuzi wake.

Radcliffe-Brown alifariki dunia mjini London tarehe 24 Oktoba 1955, akiwa na umri wa miaka 74.