Bwana Tyndall na Vumbi

Wanachama wenzangu, sisi wa Wajir vumbi tunalijua tangu utotoni. Lakini je, mwamjua aliyelifichua kwa mwanga?

John Tyndall alizaliwa mwaka wa 1820 kijijini Leighlinbridge, Ayalandi. Kwao hawakuwa na mali; alianza kazi akipima ardhi. Mwaka wa 1853 akawa profesa mjini London. Alipitisha mwale wa taa katika hewa iliyoonekana safi. Kumbe imejaa chembe! Kila chembe ilitawanya mwanga, ndipo mwale ukaonekana. Kisha akaacha vumbi litue ndani ya sanduku mpaka mwale usionekane tena. Supu aliyoichemshia humo haikuoza. Ya nje ilioza. Hivyo akaonyesha kuwa vijidudu husafiri na vumbi.

Alifariki mwaka wa 1893, mkewe alipomzidishia dawa bila kukusudia. Mwaka wa 1908 Mjerumani Gustav Mie akakokotoa jinsi chembe hutawanya mwanga kwa kila pembe: zile kubwa huutupa zaidi mbele. Siku hizi vipo vyombo vya leza vinavyopima vumbi kwa njia hiyo.

Basi jamani, jua likipenya tundu la bati darasani, tazameni ule mwale. Yale yanayong'aa ndiyo tunayoyavuta kifuani.