Walter Rodney, mwalimu aliyenyimwa kazi kwao

Walter Rodney alizaliwa Georgetown, Guyana, tarehe 23 mwezi wa tatu 1942. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo, mama yake vilevile. Mwaka 1966, akiwa na miaka 24 tu, alipata udaktari wa historia huko London, kisha akaenda kufundisha Dar es Salaam.

Chuo kikuu alikikuta katika mzozo. Mwezi wa kumi mwaka ule, wanafunzi waliandamana kupinga jeshi la kujenga taifa, na Raisi Nyerere akawarudisha makwao mamia kadhaa. Hapo likazuka swali: daktari au mwanasheria asiyejua kwa nini inchi yake ni maskini, atamsaidia nani? Chuo kikaanzisha somo la pamoja kuhusu jamii na siasa, na baadaye masomo ya maendeleo yakawa ya lazima kwa wanafunzi wote.

Rodney alipita Jamaica. Mwaka 1968 serikali ya huko ilimfungia mlango, kwa sababu alikuwa anafundisha hata katika mitaa ya maskini, na mji wa Kingston ukawaka moto. Mwaka 1969 akarudi Dar es Salaam. Mwaka huohuo, tarehe 4 mwezi wa sita, wanafunzi wa Lovanium walipigwa risasi Kinshasa. Miaka miwili nyuma yake Mobutu alitaifisha vyuo vikuu, na kitivo cha lugha na fasihi kikahamishiwa Lubumbashi, mbali na mji mkuu.

Dar es Salaam nayo haikuwa pepo. Siku ya Mungu wanafunzi walikutana kwa masomo ya siasa yasiyokuwa na mtihani wala cheti, Rodney akiwa kati ya walimu. Lakini mwaka 1970 serikali ilikifunga chama cha wanafunzi hao pamoja na gazeti lao. Yeye aliendelea kuandika. Kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972.

Mwaka 1974 alirudi Guyana kuchukua kiti cha profesa wa historia. Serikali ilikataa. Akabaki kufundisha wafanyakazi na kuongoza chama cha upinzani, mpaka tarehe 13 mwezi wa sita 1980, bomu lilipomuua ndani ya gari. Alikuwa na miaka 38.

Cheti chake cha kifo kiliandikwa kwamba hakuwa na kazi. Mwaka 2021 Guyana iliamua kiandikwe: profesa.