Anthony Allison: Daktari aliyefumbua kitendawili cha damu na malaria

Familia nyingi za Nyanza na Pwani zinaujua uchungu wa kumlea mtoto mwenye maradhi ya selimundu. Katika miinuko ya Meru na Embu, maradhi hayo ni nadra. Aliyebainisha kiini cha tofauti hiyo ni Dkt Anthony Allison, aliyekulia papa hapa Kenya.

Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka wa 1925, akalelewa shambani karibu na Gilgil. Mnamo 1949, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, alijiunga na msafara wa chuo hicho uliokuja Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu.

Aligundua kuwa Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba jeni ya selimundu. Nyanda za juu, hakufika hata mmoja.

Hicho kilikuwa kitendawili. Mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama aghalabu alifariki mapema. Mbona basi haikutoweka? Allison alitambua kuwa ilishamiri palipo na malaria. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hakuugua selimundu, na alikingwa dhidi ya malaria kali. Mlimani, ambako baridi huzuia malaria kuenea, jeni hiyo haikuwa na faida.

Mwaka wa 1953 aliwaambukiza malaria wanaume 30 Waluo waliojitolea. Kati ya 15 wasiokuwa na jeni hiyo, 14 walipatikana na vimelea. Kati ya 15 walioibeba, ni wawili tu. Siku hizi jaribio kama hilo haliwezi kuanza bila idhini ya kamati ya maadili. Sifa zilimwendea Allison, ilhali hatari iliwakabili wanaume hao.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1954, yakawa miongoni mwa thibitisho za kwanza kwamba maradhi huchagua ni jeni zipi zidumu miongoni mwa binadamu. Mnamo 1960, alionyesha kuwa upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, vilevile ulifuata ramani ya malaria Afrika Mashariki. Ufahamu huo una uzito hospitalini, kwani dawa ya primaquine yaweza kuharibu damu ya mwenye upungufu huo.

Baadaye aliongoza maabara ya kimataifa ya maradhi ya mifugo, ILRAD, jijini Nairobi. Akiwa Marekani, yeye na mkewe, Elsie Eugui, walichangia kubuni dawa inayozuia mwili kukataa figo ya kupandikizwa. Alifariki mwaka wa 2014.

Kazi yake ingali ina funzo kwa wakazi wa Mlima Kenya. Mmeru au Mwembu aliyezaliwa mlimani, akiteremka kwenda Pwani au Nyanza, aghalabu hana kinga hiyo ya kurithi. Chandarua na vipimo vya mapema ndiyo ngao yake.